Maji ya Moto Kazini: kutoka Baraza za Tongoni hadi Terimosi ya Sale ya Walimu

Ukiingia leo katika biro yoyote ya Kasongo saa nne za asubuhi, iwe biro ya serikali, ya misioni, ya hospitali au ya masomo, utakuta kitu kimoja juu ya meza ao chini ya dirisha: terimosi. Mara nyingi ni ya Kichina, yenye maua mekundu, na kifuniko chake kimefungwa kamba kwa sababu kilivunjika zamani. Ndani hamna chai. Ni maji ya moto tu. Chai kila mtu anajitengenezea katika kikombe chake, maana mmoja anataka majani, mwingine kahawa, na mwingine hana kitu paka majani ya sitroneli aliyochuma nyuma ya nyumba yake.

Walipotuomba tuandike juu ya desturi za kwetu, nilijua wenzangu watachukua ngoma, mahari na kutawazwa kwa wakubwa. Ni vizuri. Lakini mimi nafundisha historia, na kila siku naona wanafunzi wanafikiri historia ni vita na majina ya wafalme tu. Ndiyo sababu nimechagua maji ya moto. Toka zamani, mahali watu wanapofanya kazi pamoja hapa kwetu, kuna mtu anayewachemshia maji. Nani huyo? Alilipwa nini? Na yeye alikunywa?

Tuanze na wakati wa Waungwana. Nyangwe ilianzishwa na wafanyabiashara wa pwani karibu na mwaka wa 1860, na Kasongo ikafuata, ikawa mji mkubwa wa Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed, na wa mwana wake Sefu. Njia yao ilitoka Unguja, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapanda mpaka Kabambare, halafu Kasongo. Kabambare ilikuwa kituo cha kupumzika. Livingstone mwenyewe alikaa pande zile, mahali alipopaita Bambarre, miezi mingi kati ya 1869 na 1871, na katika mwaka wa 1870 vidonda vya miguu vilimfunga ndani ya nyumba siku karibu 80. Cameron alipita mwaka wa 1874, Stanley mwaka wa 1876.

Kazi ya mji ule ilifanyika barazani. Pale ndipo pembe zilipimwa, deni zilipoandikwa, ugomvi wa watu ulipokatwa. Na mgeni akikaa barazani, kwa desturi ya pwani, haachwi mkono mtupu: analetewa kahawa katika vikombe vidogo, kahawa tungu isiyotiwa sukari, pengine na tangawizi. Wazee wetu Waislamu wameshika desturi ile mpaka leo, katika Maulidi na katika usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe. Kwa hiyo naweza kusema baraza ndiyo biro ya kwanza ya Kasongo, na birika la kahawa ndilo terimosi yake ya kwanza.

Hayo si maneno ya kujisifu tu. Vita ya Dhanis na Waarabu ilipofika kwetu, Nyangwe ikaanguka tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka uleule. Pamoja na askari wa Dhanis alikuwako daktari Mwingereza, Sidney Hinde, ambaye mwaka wa 1897 alitoa kitabu juu ya vita ile. Anaeleza kwamba katika Kasongo walikuta ghala zimejaa mchele, kahawa na mahindi, bustani za machungwa, mapera, makomamanga na maembe, tena sukari, mishumaa, viberiti na vyombo vya fedha na kioo, vitu ambavyo wao wazungu porini walikuwa karibu kuvisahau. Kahawa kwa ghala nzima! Mtu haweki ghala ya kahawa kama anakunywa mara moja kwa mwezi.

(Hapa niseme jambo dogo. Wengi wanafikiri kahawa ni kitu kilicholetwa tu. Lakini mti wa kahawa ya robusta ni mwenyeji wa misitu ya Kongo. Miche yake ilitoka katika inchi yetu, ikapelekwa Ubelgiji, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikafika mpaka Java, na sasa inalimwa Vietnam kuliko kwetu. Tunanunua kahawa ya kopo iliyotoka mbali, na babu yake alizaliwa hapa.)

Lakini tusidanganyane. Kasongo ile ilijengwa kwa pembe na kwa watumwa. Birika la barazani halikujichemsha. Aliyekata kuni, aliyeteka maji mtoni, aliyepuliza moto, alikuwa mtumwa ao kijakazi wa uwani, na Hinde aliyehesabu machungwa na vikombe hakuandika hata jina moja la hao. Mji wenyewe sasa ni tongo, ndiyo maana tunaita Tongoni, kwa sababu Kasongo ya leo serikali iliijenga mahali pengine. Ukienda kutembea Tongoni na wanafunzi wanatafuta ukuta na makaburi. Mimi nawaambia watafute pia mafiga.

Wabelgiji walikuta neno baraza na wakalichukua. Katika Kifaransa cha Kongo walisema «barza», yaani ile veranda ndefu ya nyumba na ya biro. Neno lilibaki lakini mambo yaligeuka. Zamani mgeni alikaa barazani akanywa. Wakati wa ukoloni mtu mweusi alingoja kwenye barza akisimama, na kahawa ikapita mbele yake ikaingia ndani.

Aliyeipitisha ni planto. Babu yangu mzaa mama alifanya kazi ile katika biro moja karibu miaka kumi na tano, mpaka karibu na uhuru, na haya ninayoandika nilisikia kinywani mwake. Planto alifika mbele ya wote, saa kumi na mbili kasoro. Alifagia, alipanguza meza, halafu alikwenda nyuma, kwenye kijumba cha bati, kuwasha mbabula. Makala hayo alinunua kwa feza ya biro, na kila mwisho wa mwezi komis alimhesabia magunia. Birika la kwanza lilikuwa la saa moja, la pili la saa nne. Maji yalichujwa na kitambaa kwanza, halafu yalichemka mpaka yachemke kweli, kwa sababu bwana mkubwa aliogopa tumbo. «Kama hayajaruka, usiondoe», ndivyo alivyofundishwa.

Nilimwuliza: «Babu, na wewe ulikunywa wapi?» Akacheka. Vikombe vya biro vilikuwa sita na vyote vilihesabiwa. Yeye alikuwa na kopo lake la bati, alilificha juu ya ukuta wa kijumba. Kopo lile alinywea maji yaliyobaki chini ya birika, baada ya saa nne, na chumvi kidogo. Chumvi, si sukari. Sukari ilihesabiwa kwa vipande. Miaka ile yote hakuna siku moja alipokunywa mbele ya mtu wa biro, na hakuna aliyemkataza kwa mdomo. Ilijulikana tu.

Tukumbuke pia kwamba chai ilikuwa imegeuka kuwa alama. Kutoka mwaka wa 1948 serikali ilitoa ile karta ya «mérite civique», na kutoka 1952 ikaleta «immatriculation», na tume ilikwenda mpaka nyumbani kwa mtu kutazama namna anavyoishi: meza, sahani, jikoni. Makomis na walimu wa wakati ule walijua maana ya kuwa na birika safi na vikombe vya kufanana. Lumumba mwenyewe katika ujana wake alipitia Kalima, katika kampuni ya Symetain, kama komis, na alijua vizuri mambo ya biro zile. Chai ya saa nne, ambayo kwa Waungwana ilikuwa heshima ya mgeni, ikawa mtihani wa mwenyeji.

Si biro tu. Reli ya Kindu mpaka Kongolo, kilometre 355, ilifunguliwa mwaka wa 1911. Haikufika Kasongo yenyewe, kwa sababu inapita ng'ambo ya kushoto ya Lualaba na sisi tuko ng'ambo ya kuume, lakini watu wengi wa kwetu walifanya kazi kule. Mzee mmoja aliyetia kuni katika mashini ya mvuke alinieleza namna walivyopata chai yao. Watu wengine wanafikiri walifungua bomba la mashini wakajaza vikombe. Akasema hapana, maji ya ndani ya chungu cha mashini yalikuwa na dawa na kutu, hayanyweki. Walichukua maji yao katika kopo la maziwa ya unga, wakaliweka juu ya chuma kilichokuwa juu ya mlango wa moto, na kabla ya kufika stasio ya pili lilikuwa likiruka. «Biro ya wazungu walikuwa na planto mmoja», akasema, «sisi planto wetu alikuwa na magurudumu.» Na huyu, tofauti na babu yangu, alikunywa palepale, pamoja na derva.

Katika machimbo ilikuwa namna nyingine tena. Dhahabu ya Namoya, katika teritware ya Kabambare, imepita mikononi mwa kampuni nyingi. Ilikuwa katika SOMINKI, iliyoundwa mwaka wa 1976 kwa kuunganisha makampuni ya zamani ya Maniema na Kivu, na baadaye ikafika kwa Banro, waliotangaza mwanzo wa uzalishaji wa kibiashara mwaka wa 2016. Kampuni ilikuwa na jiko lake na umeme wake. Lakini wachimbaji wadogo wanaoshuka katika mashimo ya Salamabila hawana planto wala kantini. Maji yao ya moto yanaletwa na wamama. Mama anatoka nyumbani usiku bado, terimosi mbili katika kikapu, mikate ya mafuta katika beseni, anakaa mdomoni mwa shimo. Anayetoka na matope anakunywa kwanza, analipa baadaye, pengine kwa chembe ya dhahabu iliyo ndogo kuliko kichwa cha kiberiti. Jumla yake siijui, lakini nimeona mama mmoja akiifunga chembe ile katika karatasi ya sigara kwa uangalifu ule ambao sisi tunafunga nao diplome.

Terimosi yenyewe imetoka wapi? Mwaka wa 1892, wakati Dhanis anapigana na Sefu, mtaalamu mmoja wa Uskoti, James Dewar, alitengeneza huko London chupa ya kuta mbili, akaondoa hewa katikati, ili vitu baridi sana visipate joto. Mwaka wa 1904 Wajerumani waliifanya kitu cha biashara na kuipa jina la Thermos. Joto halipiti kwa urahisi pahali pasipo hewa, na ile rangi ya kioo cha kujiangalia iliyopakwa ndani inarudisha joto lililotaka kutoka. Ni hivyo tu. Haina moto, haina mashini. Lakini kwa kazi iligeuza kila kitu, kwa sababu zamani aliyechemsha maji ilikuwa lazima akae karibu na wanywaji. Kwa terimosi, moto unaweza kuwa nyumbani kwa mama na kikombe kikawa biro, kilometre moja mbali. Planto alipoteza kazi hapo, na mama akaipata.

Sikusema ilifanyika kwa siku moja. Kuna miaka ya taabu katikati. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza «zaïrianisation», maduka ya wageni yakapewa wenye inchi, na wazee wanakumbuka jinsi rafu zilivyobaki wazi muda mfupi baadaye. Feza ya biro ya kununua makala ilikwisha, halafu mishahara yenyewe. Mwaka wa 1989 mapatano ya dunia ya bei ya kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka. Watu wengi waliacha miti ya kahawa ikafunikwa na majani. Kiwanda cha sukari cha Kiliba karibu na Uvira kilisimama mwaka wa 1996 wakati vita ilipoingia. Na kutoka 1998, wakati wa RCD, hata treni hatukusikia tena. Kilichobaki ni kinga, yaani baiskeli. Vijana wetu walisukuma vitu vyote, mafuta ya mawese kwenda, chumvi, sabuni na terimosi kurudi. Terimosi ni mzigo mbaya kwa baiskeli: kioo chake ni chembamba kama ganda la yai, kwa hiyo waliifunga katikati ya nguo za mitumba.

Na angalia njia waliyopita. Majani ya chai na sukari ya Tanzania vinatoka Kigoma, vinavuka ziwa mpaka Baraka, vinapanda Fizi na Lulimba, vinafika Kabambare, halafu Kasongo. Kigoma na Ujiji ni sawa vile mji mmoja. Ni njia ileile ya Tippu Tip, na mzigo unafanana na ule aliouona Hinde.

Watu wengine, hasa vijana waliotoka Goma ao Lubumbashi, wanatuuliza kwa nini hatutumii birika la umeme. Niliwahi kumwomba mwenzangu wa fizike atupigie hesabu ubaoni. Lita moja ya maji yenye joto la digri 25, ili ifike 98 (kwa sababu Kasongo iko juu ya bahari zaidi ya mita 500, maji yetu yanaruka kabla ya 100), inataka nguvu ya wati-saa 85 hivi. Pano ya jua ya wati 50, kama ile iliyo juu ya biro ya perefe, ingehitaji zaidi ya saa moja na nusu ya jua kali bila kupoteza kitu, kwa lita moja tu, na simu zote zikingoja. Na birika la umeme la dukani linaomba wati 1500 ao zaidi kwa pamoja: pano ile haiwezi hata kuliamsha. Grupe ya mafuta inaweza, lakini kuunguza esanse ili kuchemsha chai, mbele ya walimu wanaongoja primu, ni haya. Basi mbabula bado ina ufalme.

Sasa nifike kwa jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Nilipokuwa mtoto wa primere, mwanzoni mwa miaka ya 1990, masomoni kwetu hapakuwa na planto wala mama. Tulikuwa sisi. Kila darasa lilikuwa na zamu: wawili wanafika mapema, wanaleta kuni kutoka nyumbani, wanachemsha maji ya walimu juu ya mafiga nyuma ya darasa. Tulifurahi, kwa kuwa mwenye zamu alikosa hesabu ya asubuhi. Siku moja mwenzangu alibeba sufuria kwa vitambaa viwili, akateleza mlangoni, na maji yakamwagika toka goti mpaka kwenye vidole. Alilala nyumbani miezi miwili na mama yake akimpaka asali. Aliporudi wengine tulikuwa tumefanya mtihani, akarudia mwaka, na mwaka uliofuata hakuja tena. Leo anasukuma baiskeli kati ya Kasongo na Kabambare. Tukikutana ananiita «Mwalimu», mimi namwita «Yaya», maana alinizidi mwaka mmoja, na macho yangu yanakwenda mguuni kwake kabla sijayazuia.

Kwa hiyo nilipoanza kufundisha, na katika mkutano wa walimu mmoja wetu akasema wanafunzi wachemshe maji kama zamani, nilikataa kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa. Tukakubaliana na mama mmoja jirani wa masomo: terimosi mbili kila siku ya kazi, siku sita kwa juma, franka 500 kwa kila terimosi. Mama alijua kazi yake. Kwanza alisuuza terimosi na maji ya uvuguvugu, maana kioo cha baridi kikipokea maji yanayoruka kinapasuka, puu, na fungu la mwezi limekwenda. Alijaza mpaka shingoni, kwa sababu terimosi nusu inapoa upesi. Terimosi mpya alizichagua sokoni kwa sikio: akiiweka sikioni ikavuma kama mto wa mbali, ni nzima, ikinyamaza, hewa imeingia.

Mwaka wa 2017 wazazi walishindwa kutoa primu, na sisi tuliendelea kunywa. Juma 12. Mama alikuwa na daftari ya mwanafunzi, kila siku mistari miwili. Siku moja alikuja mpaka mlangoni mwa sale ya walimu, hakuingia, akasema: «Baba walimu, maji nimechemsha, makala nimenunua. Moto haukopeshi.» Franka 72 000. Tulikuwa walimu 12, kila mmoja elfu sita. Wanane walilipa kabla ya mwisho wa mwezi. Wawili walikuwa wamehamishwa. Mmoja alisema hajawahi kunywa zaidi ya kikombe kimoja. Wa kumi na mbili nilikuwa mimi. Nilimaliza kumlipa mwezi wa tatu uliofuata, kwa mchele, na aliupima kwa sahani mbele yangu bila kusema kitu.

Baadaye alirudi, terimosi moja tu, feza mbele, kila Jumatatu. Lakini magoti yanamsumbua, na mwaka jana tuligundua kwamba anayeleta terimosi ni binti yake, mwanafunzi wetu wa darasa la pili la sekondari. Saa tatu na nusu aliomba ruhusa, akatoka katika somo langu, akarudi na maji ya walimu. Nilikuwa nimempa ruhusa ile majuma kadhaa bila kuuliza anakwenda wapi.

Sasa tunakwenda wenyewe, kwa zamu, kwa mguu, hadi mlangoni pa mama. Ni mita mia mbili hivi. Perefe naye yumo katika orodha. Zamu yangu ni Alhamisi.